Somo: Python 3.13 imeondoa moduli 19. Namna ya kuhamia maktaba za nje bila kumwangushia mteja mfumo

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wenye mifumo iliyoandikwa miaka kadhaa nyuma, inayofanya kazi vizuri tu, lakini siku seva ikibadilishwa itagoma kuwaka na kuandika `ModuleNotFoundError`. Mfano wangu ni mfumo wa stoo wa duka la jumla Kariakoo: unapokea picha za bidhaa, unatunza nywila za wauzaji, unalinganisha matoleo ya programu ya mashine za kaunta. Mifumo ya aina hii imejaa mjini hapa, na mingi iliandikwa wakati wa Python 3.8 hadi 3.10.

Chanzo cha yote ni pendekezo la PEP 594 (PEP ni hati rasmi ya kupendekeza mabadiliko ya Python) la Christian Heimes na Brett Cannon. Walisema Python inabeba moduli za zama za modemu na fomati za sauti ambazo hakuna azitumiaye, na hazina mtu wa kuzitunza. Maonyo yakaanza kwenye toleo la 3.11, Oktoba 2022. Toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, likazitoa kabisa: `cgi`, `crypt`, `imghdr`, `telnetlib`, `pipes`, `audioop` na wenzake. Mwaka mmoja kabla yake, 3.12 ilikuwa imeshaondoa `distutils`, `imp`, `asyncore`, `asynchat` na `smtpd`. Ukipanga seva mpya yenye Debian 13, Python utakayoikuta ni 3.13, kwa hiyo suala hili litakufuata hata kama hukulitafuta.

Hatua ya 1: tafuta zilipo

```
grep -rnE "^\s*(import|from)\s+(cgi|crypt|imghdr|telnetlib|pipes|audioop|distutils|imp|asyncore|smtpd)\b" --include="*.py" .
```

Iendeshe kwenye msimbo wako, kisha uirudie ndani ya folda ya `site-packages`, ambamo maktaba ulizoweka kwa pip hukaa. Watu wengi huruka hii ya pili. Msimbo wako unaweza kuwa safi kabisa, kumbe maktaba uliyoiweka mwaka 2019 ndiyo inayoita `distutils` kwa chini.

Halafu washa mfumo ukiwa bado kwenye 3.11 au 3.12 kwa `python -W error::DeprecationWarning app.py`. Kwa kawaida Python huyaficha maonyo haya, isipokuwa yanayotoka kwenye faili unayoiendesha moja kwa moja. Ndiyo maana mtu huapa kwamba hajawahi kuona onyo lolote.

Hatua ya 2: jiulize kama unahitaji maktaba kweli

Hapa ndipo ninapotofautiana na miongozo mingi, ambayo inakupa jedwali tu: moduli ya zamani kushoto, `pip install` kulia. Moduli ya ndani ilikuja na Python yenyewe. Haikuomba bando, na hukuwa na sababu ya kumchunguza aliyeiandika. Maktaba ya nje ni mpangaji unayemkabidhi ufunguo wa nyumba, kwa hiyo mkaribishe pale tu ambapo chumba hakiwezi kubaki kitupu.

`pipes` mara nyingi ilitumika kwa `pipes.quote` peke yake. Hiyo ni `shlex.quote`, imo ndani ya Python tangu 3.3. Badilisha mstari mmoja, umemaliza. `cgi.parse_header` inafanywa na `email.message.Message`, nayo ipo ndani. `imp` inapokewa na `importlib`. `strtobool` ya `distutils` ni mistari sita unayoiandika mwenyewe. `find_executable` ni `shutil.which`. Iliyobaki hapo ni `LooseVersion`, ya kulinganisha namba za matoleo, na kwa hiyo tumia maktaba ya `packaging`. Jua tu kwamba `packaging` ni kali: toleo lililoandikwa ovyo kama "2.1-mpya-kabisa" italikataa kwa kosa, wakati `LooseVersion` ilikuwa inalimeza.

Kuhusu `distutils` kuna mtego. Ukiwa na `setuptools` kwenye mashine, `import distutils` inaendelea kukubali hata kwenye 3.12, kwa sababu `setuptools` inabeba nakala yake. Lakini `venv` (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi mmoja) mpya ya 3.12 haiweki tena `setuptools`. Matokeo yake kompyuta yako ya Sinza inasema sawa, seva inasema hapana, na mnaanza kulaumiana na mwenye seva.

Hatua ya 3: mchunguze mgeni

Kwa picha, nafasi ya `imghdr` iliyokuwa ikitambua aina ya faili la picha, kuna `filetype`, `puremagic` na `python-magic`. Mimi nachukua `filetype`. Ni Python tupu na haivuti maktaba nyingine nyuma yake. `python-magic` inatambua mengi zaidi, ila inahitaji `libmagic` iwepo kwenye mfumo wa uendeshaji, na kuiweka hiyo kwenye kompyuta ya Windows ya mteja ni jioni nzima imekwenda.

Kabla ya kuweka chochote, endesha `pip install --dry-run filetype` uone vitakavyoingia pamoja nayo. Fungua ukurasa wake PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python: toleo la mwisho ni la lini, leseni ni ipi, kuna faili za wheel (vifurushi vilivyo tayari kuwekwa) kwa mashine yako? Soma jina herufi kwa herufi, maana wapo wanaopandisha maktaba mbovu zenye majina yanayokaribiana na zinazojulikana. Na hakikisha mradi wako hauna faili inayoitwa `filetype.py`, Python itaiokota hiyo badala ya maktaba.

Hatua ya 4: ifiche nyuma ya faili moja

Usitawanye `import filetype` kwenye faili zote zinazogusa picha. Tengeneza moja, `picha.py`:

```python
import filetype

ZINAZOKUBALIKA = {
    "image/jpeg": "jpeg",
    "image/png": "png",
    "image/webp": "webp",
}

def aina_ya_picha(njia):
    jibu = filetype.guess(njia)
    if jibu is None:
        return None
    return ZINAZOKUBALIKA.get(jibu.mime)
```

Sehemu nyingine zote za mfumo ziite `aina_ya_picha`. Maktaba hii nayo ikifa miaka ijayo, utagusa faili moja.

Angalia pia kwa nini nimetumia `mime` (jina rasmi la aina ya faili) na si `extension`. `imghdr.what` ilikuwa inarudisha neno `jpeg`. `filetype` kwenye `extension` inarudisha `jpg`. Kama msimbo wa zamani una mstari `if aina == "jpeg"`, hakuna kosa litakaloonekana popote; picha za wauzaji zitakataliwa kimyakimya na simu itaanza kuita.

Hatua ya 5: linganisha ya zamani na mpya kabla ya kufuta

Ukiwa kwenye 3.12, moduli ya zamani bado ipo. Itumie kama shahidi:

```python
import imghdr, pathlib
from picha import aina_ya_picha

for p in pathlib.Path("uploads").rglob("*"):
    if p.is_file():
        a, b = imghdr.what(p), aina_ya_picha(str(p))
        if a != b:
            print(p, a, b)
```

Utaona tofauti, na si zote ni kasoro. Kutambua JPEG, `imghdr` ilitafuta hasa neno `JFIF` au `Exif` mwanzoni mwa faili, kwa hiyo JPEG halali isiyo na maneno hayo iliweza kurudishwa kama `None`. `filetype` inatazama baiti tatu za kwanza, FF D8 FF. Kwa maana hiyo mfumo mpya unaweza kukubali picha ambazo wa zamani ulizikataa. Na GIF, ambayo `imghdr` iliijua, kwenye faili yangu hapo juu imeachwa makusudi. Hayo ni maamuzi. Yafanye ukiwa macho.

Hatua ya 6: nywila

Hii ndiyo sehemu ya kwenda polepole, kwa sababu ukiharibu hapa hakuna muuzaji atakayeingia kazini asubuhi.

Heshi (alama zinazokokotolewa kutoka kwenye nywila na kuhifadhiwa badala yake) zilizotengenezwa na `crypt` kwa kawaida huanza na `$6$`, yaani SHA-512. Huwezi kuzigeuza kuwa heshi za aina nyingine, kwa kuwa nywila zenyewe huna. Kinachowezekana ni kuzihakiki kwa njia ya zamani na kuandika upya kila mtu anapoingia:

```python
from argon2 import PasswordHasher
from argon2.exceptions import VerifyMismatchError
from passlib.hash import sha512_crypt

ph = PasswordHasher()

def hakiki(nywila, heshi):
    """Inarudisha (sahihi, heshi_mpya_au_None)."""
    if heshi.startswith("$6$"):
        if sha512_crypt.verify(nywila, heshi):
            return True, ph.hash(nywila)
        return False, None
    try:
        ph.verify(heshi, nywila)
        return True, None
    except VerifyMismatchError:
        return False, None
```

Ikirudisha heshi mpya, ihifadhi palepale. Toleo la mwisho la `passlib`, 1.7.4, ni la mwaka 2020, kwa hiyo nisingejenga mfumo mpya juu yake. Hapa kazi yake ni kusoma heshi za zamani tu, na waliobaki wakiisha, unaitoa.

Mambo mawili ya seva. `argon2-cffi` kwa mipangilio yake ya kawaida hutumia kumbukumbu ya MiB 64 kwa kila heshi. Kwenye seva ya MB 512, wauzaji kadhaa wakiingia kwa wakati mmoja saa ya kufungua duka, itakohoa. Punguza `memory_cost` baada ya kupima. Pili, heshi ya Argon2 kwa mipangilio hiyo ina herufi 97. Ukikuta safu ya hifadhidata imebanwa chini ya hapo, ipanue kwanza kuwa 255, kwa sababu heshi iliyokatwa mkia haihakikiki tena.

Hatua ya 7: funga matoleo, kisha ndipo upandishe Python

Andika matoleo kamili kwenye `requirements.txt`, endesha majaribio kwenye 3.12, halafu kwenye 3.13. Ukihamisha maktaba na toleo la Python kwa mkupuo mmoja, kitu kikivunjika hutajua nani kakivunja.

Maswali ya wanachama

*Swali, Mbagala:* Mkuu, asante kwa somo. Duka la mteja wangu halina intaneti ya uhakika, natumia bando la simu. Kila seva niipakulie upya?

*Jibu:* Hapana kaka. Pakua mara moja penye intaneti, beba kwa flashi:

```
pip download -d maktaba --only-binary=:all: --platform manylinux2014_x86_64 --python-version 3.13 -r requirements.txt
```

Ukifika dukani: `pip install --no-index --find-links maktaba -r requirements.txt`. Hizo `--platform` na `--python-version` ziandike kulingana na mashine ya mteja. Ukiziacha, pip itapakua za kompyuta yako, na `argon2-cffi` ina sehemu ya C, itagoma.

*Swali, Mikocheni:* Tuna skripti za `telnetlib` zinazoingia kwenye ruta za wateja usiku kuchukua nakala za mipangilio. Nihamie `telnetlib3`?

*Jibu:* Unaweza, lakini `telnetlib3` imejengwa juu ya asyncio, mtindo tofauti wa kuandika msimbo, kwa hiyo ukiufuata mtindo huo skripti utaziandika upya. Kama unaandika upya, andika kwa SSH, inayosimba mawasiliano, tumia maktaba ya Netmiko au Paramiko. Telnet inapeleka nywila ya ruta wazi kwenye waya. Ibakize kwa vile vifaa vya zamani visivyojua SSH tu.

*Swali, mwanafunzi, Mlimani:* Shikamoo mwalimu. Nimeona PyPI kuna `standard-imghdr`, `standard-telnetlib` na nyingine za namna hiyo, ni moduli zilezile zimerudishwa. Si niweke hizo tu, nisiguse msimbo?

*Jibu:* Marahaba. Zipo, na zinafanya kazi. Ukipigiwa simu usiku kwamba mfumo umekufa baada ya seva kubadilishwa, weka hiyo, ulale, asubuhi anza hatua ya 1. Kwa `crypt` usifanye hivyo. Tumia nafasi hiyo kuhama.

*Swali, Tabata:* Msimbo wangu hauna `audioop` hata mstari mmoja, lakini napata `No module named 'pyaudioop'`. Nimeitafuta hiyo `pyaudioop` siioni.

*Jibu:* Dada, unatumia `pydub`. Inajaribu `audioop`, ikiikosa inajaribu `pyaudioop`, na kosa unaloliona ni la jaribio la pili. Usiihangaikie. Ongeza mstari huu kwenye `requirements.txt`:

```
audioop-lts; python_version >= "3.13"
```

*Swali, Sinza:* Kwa nini nisibaki 3.12 tu, mkuu? Mteja hajali toleo.

*Jibu:* Baki, kama huna `distutils` na wenzake. 3.12 itapata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa mfumo ambao mteja atauacha kabla ya hapo, nisingemtoza pesa ya kuhamisha. Mwandikie tarehe hiyo kwenye mkataba wa matengenezo, na hatua ya 4 ifanye hata sasa, haidai toleo jipya.

*Swali, Gongo la Mboto:* Mimi nina skripti ya `cgi.FieldStorage` kwenye hosting ya pamoja. Flask hawaniruhusu.

*Jibu:* Basi `legacy-cgi`. Inarudisha `cgi` na `cgitb` kwa jina lilelile, kwa hiyo `import` huibadilishi. Waulize kwanza wenye hosting kama wanakuruhusu kuweka maktaba kwenye folda yako. Wakikataa hata hilo, hamisha hosting.