Barua za askari wa vita ya Marekani ya 1861: usiziharibu kwa mapenzi

Nahudumia wazee hapa Ohio na mwaka jana mzee wangu mmoja alinitolea boksi la viatu kutoka kabatini, ndani barua za babu wa babu yake aliyepigana upande wa Kaskazini, yaani jeshi la serikali, kwenye ile vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865. Zamani mtu wa familia alizibandika tatu kwa selotepu, nia nzuri kabisa, sasa pale ilipopita pamekuwa njano kama mafuta ya mawese na maneno hayasomeki. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kama una boksi kama hilo, kwanza nawa mikono ukaushe kabisa. Glavu za kitambaa achana nazo, vidole havisikii karatasi ndo unachana. Mezani pasiwe na chai wala kalamu ya wino, tumia penseli.

Karatasi yenyewe mara nyingi ni ngumu, nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Shida ni wino na mikunjo. Wino wao ulichanganywa chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, ulikuwa mweusi ukageuka kahawia, na una asidi inayotafuna karatasi polepole, ukiinua barua kwenye mwanga unaweza kuona vitundu pale askari alipokandamiza kalamu. Huo usiuguse na maji, mvuke wala pasi. Barua iliyokunjwa ifungue taratibu, ikigoma iache. Ikikubali ilaze katikati ya karatasi mbili safi zisizo na asidi, weka kitabu kizito juu, subiri siku kadhaa.

Wengine karatasi iliwaishia, ukurasa ukijaa wanaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ileile kama wanasuka mkeka. Hizo skani mapema, dpi (kipimo cha ukali wa picha) 400 hadi 600, na skana ya kulaza karatasi juu ya kioo, sio ile inayovuta. Bahasha usitupe jamani! Muhuri wa posta unakupa mji na tarehe. Ukinakili maneno acha makosa yake yote ya tahajia, ndiyo sauti yake.

Laminesheni hapana kabisa, haitoki tena. Kila barua kwenye faili lisilo na asidi, vipande vya magazeti na maua makavu mbali maana vinachafua, pini zote nje. Boksi likae chumba wanachoishi watu, chini ya nyuzi 21, unyevu asilimia 30 hadi 50, sio darini wala besimenti.

Na kama familia haina boksi, ulizia National Archives, hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Marekani. Wajane walituma barua za waume zao kama ushahidi wa pensheni, zikabaki kwenye mafaili. Askari weusi wa Kaskazini walikuwa kama 180,000, na mmoja wao, Spotswood Rice, mwaka 1864 aliandika akiwa hospitali kwa binti zake waliokuwa bado watumwa Missouri kwamba atakuja kuwachukua. Barua hiyo tunaisoma leo kwa sababu iliingia kwenye makaratasi ya jeshi.

Zile tatu za mzee hatujaitoa selotepu, zina faili lao peke yake zinasubiri fundi wa kutengeneza karatasi za zamani.