Kifaru cha nchi ndogo kimewekwa wapi? Namna ya kukitafuta kwenye War Thunder na gemu za aina yake

Fungua mti wa utafiti wa Italia (orodha ya magari ya taifa hilo unayoyafungua moja baada ya jingine) ndani ya War Thunder, gemu ya vita ya mtandaoni, ushuke hadi chini kabisa upande wa majeshi ya nchi kavu. Utakuta Leopard 2A7HU. Hakuna aliyekosea. Hicho ni kifaru cha Hungaria, kimeundwa Ujerumani, na gemu imekikabidhi Italia. Anayetafuta kwa kumbukumbu za historia peke yake ataanza na mti wa Ujerumani, akose, kisha aamini kwamba kifaru hakimo.

Gemu hii ina mataifa makuu 10: Marekani, Ujerumani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Japani, China, Italia, Ufaransa, Uswidi na Israeli. Nchi isiyo kwenye orodha hiyo hupangishwa kwa mwenyeji, ama kama tawi kamili lenye safu yake, ama kwa gari moja moja lililopachikwa kati ya magari ya mwenyeji. Matawi ya kukariri kwanza ni haya: Ufini iko Uswidi, Afrika Kusini iko Uingereza, Hungaria iko Italia, nchi za Benelux (Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg) ziko Ufaransa, Thailand iko Japani.

Ukiitazama orodha hiyo unaona undugu, ujirani au mkataba wa zamani, lakini hivyo ni visingizio zaidi kuliko sababu. Kinachoamua ni pengo la mwenyeji. Italia ilikuwa inaishiwa vifaru vya hali ya juu, Hungaria ikavileta. Uingereza ilikuwa dhaifu kwenye magari mepesi ya magurudumu. Sasisho la gemu la Ixwa Strike la Machi 2021, lililoitwa kwa jina la mkuki mfupi wa Kizulu, likaleta tawi la Afrika Kusini lenye Ratel, Eland na Rooikat. Japani nayo, kupitia Thailand, ikapata Oplot-T iliyoundwa Ukraine na VT4 iliyoundwa China. Kwa hiyo ukiulizwa gari fulani litaenda wapi, usiulize nani alikuwa rafiki wa nani. Uliza nani ana njaa.

Kutafuta kwenyewe kunaenda hivi. Anza na jina kamili la toleo la kifaru, maana herufi za mwishoni mara nyingi ndizo zinazobeba nchi: HU ni Hungaria, NL ni Uholanzi. Liandike kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho kwenye skrini ya utafiti. Usipopata kitu, jibu maswali matatu kwa mpangilio huu: ni nani alilitumia, ni nani aliliunda, na ni nani alilinakili au kuliteka. Mtumiaji hutangulia karibu kila mara. Leopard 2A6 ni mfano mzuri. Mwaka 2014 Uholanzi ilikubaliana kuiuzia Ufini vifaru 100 vya aina hiyo. Ndani ya gemu, kile cha Uholanzi kiko Ufaransa na kile cha Ufini kiko Uswidi, ilhali huenda ni chuma kilekile kilichobadilisha bendera. Eland 90 ni hivyohivyo: ni AML-90 ya Kifaransa iliyoendelezwa Afrika Kusini, kwa hiyo ndugu hao wawili wanakaa Ufaransa na Uingereza.

Ukifika kwenye mti wa mwenyeji, tazama safu za mwisho upande wa kulia kwanza, kwa kuwa tawi likija baadaye hupewa nafasi pembeni. Gari la nchi ya kigeni mara nyingi huwa na alama ndogo mbele ya jina lake. Alama hiyo ndiyo inayotofautisha T-72M1 ya Ufini na ile ya Hungaria, ambazo kwa macho ni pacha.

Sasa upande wa gharama, ambapo wengi huumia. Utafiti hauvuki mpaka wa taifa. Umemaliza Leopard 2A4 ya Ujerumani, ukaifungulia vipuri vyote pamoja na risasi nzuri? Ya Ufini iliyo Uswidi utaianza upya, tangu kipuri cha kwanza. Wafanyakazi wa kifaru nao ni mali ya taifa mwenyeji, kwa hiyo ujuzi waliopata chini ya Uswidi unatumika kwenye gari la Kiswidi na la Kifini, ila kila gari jipya lazima uwalipie mafunzo yake kwa Silver Lions, sarafu ya gemu. Weka akiba ya sarafu kabla utafiti haujaisha. Kinachomkwamisha mchezaji hapa mara nyingi ni bei ya kununua gari ikijumlishwa na mafunzo, wala si pointi za utafiti.

Faida ya tawi inaonekana unapopanga kikosi, kwa sababu gari la mgeni na la mwenyeji huingia vitani pamoja. Panga kwa BR, yaani kiwango cha mapigano kinachoandikwa kwenye kila gari. Kikosi huhesabiwa kwa gari lenye BR ya juu zaidi, na unaweza kukutana na adui aliyekuzidi hadi 1.0. Kikosi cha 10.3 kinaweza kutupwa kwenye pambano la 11.3. Ukiwa na magari manne ya 9.3 na ukachomeka moja la 10.3 kwa tamaa ya kulijaribu, manne yale yote umeyapandisha juu bila silaha za kule. Kikosi kizuri ni magari matatu au manne yenye BR moja, na mojawapo liwe la kutungulia ndege. Ikiwa mwenyeji hana la BR hiyo, tazama kwenye tawi: ZA-35 ya Afrika Kusini, yenye mizinga miwili ya milimita 35, ililetwa kwa kazi hiyohiyo.

Rooikat inahitaji neno lake. Magurudumu 8, kasi ya takriban kilomita 120 kwa saa barabarani, na mwili usiostahimili kitu. Hata bunduki nzito ya milimita 12.7 inaweza kuitoboa ubavuni. Anayetoka kwenye Chieftain, kifaru kizito cha Uingereza, na kuiendesha Rooikat vilevile hufa dakika ya pili. Kimbilia ubavu wa ramani, piga, hama. Kwenye matope magurudumu hupoteza kasi, kwa hiyo pitia barabarani hata kama njia ni ndefu.

Kosa jingine ni la macho. T-90 ya India iko kwa Uingereza, T-72 ya Ufini iko kwa Uswidi, hivyo umbo la kifaru halikuambii tena ni cha upande gani. Kwenye hali ya Realistic, mwenzako huonekana na jina juu yake, adui haonekani nalo. Subiri nusu sekunde jina litokee kabla ya kufyatua. Ukimlipua mwenzako, sarafu zinatoka kwako.

Gemu nyingine zina taratibu zao. World of Tanks haina matawi ya namna hii: Sentinel ya Australia imewekwa Uingereza, Turán III ya Hungaria imewekwa Ujerumani, nayo hii ni kifaru cha kulipia. Thamani yake ni kwamba hufundisha wafanyakazi wa Kijerumani. World of Warships imekwepa ugomvi kwa kuunda mataifa ya mkusanyiko kama Commonwealth, Pan-Asia na Ulaya, hivyo nahodha mmoja wa Ulaya anaweza kuongoza meli ya Uswidi na ya Poland.

Na nchi zetu? Vifaru vyake vimekaa kwa wauzaji. Tanzania ilinunua Type 59 na Type 62 kutoka China, na zote mbili zimo kwenye mti wa China. Kenya ilinunua Vickers Mk 3 kutoka Uingereza, kwa hiyo ukoo wa Vickers utautafuta huko. Bendera utaiweka mwenyewe. Chagua gari, ingia sehemu ya mapambo, fungua orodha ya rangi za mtumiaji, uagize kiolezo. Folda ya gari hilo itatokea ndani ya UserSkins, kwenye folda ya gemu, ikiwa na picha za .tga na faili moja ya .blk. Paka rangi kwenye .tga kwa programu ya picha, hifadhi kwa jina lilelile, kisha rudi uichague kwenye orodha. Ukibadilisha jina la picha bila kulirekebisha ndani ya .blk, gemu haitaiona. Rangi hiyo utaiona wewe tu. Adui ataendelea kuona kifaru cha Mchina.