Ofisi yenu imeongeza, imepunguza au imegeuza vyumba? Toa taarifa hivi

Wadau mnaoshika utawala na ugavi kwenye taasisi za serikali hapa Arusha, hili jambo linaniuma sana, mtu anahamisha watumishi wanabanana vyumba vichache, kile kilichobaki kinafungwa, barua kwa mwenye jengo haijaandikwa, na pango linaendelea kulipwa kwa hela ya wananchi.

Kwanza pima. Usinakili ukubwa ulioko kwenye mkataba, chukua tepu uingie chumba kwa chumba. Chumba cha mita 5.5 kwa 4.2 ni mita za mraba 23.1, na kama pango lenu linatozwa kwa mita ya mraba basi hata ile nusu mita inaonekana kwenye ankara. Chumba chenye kona kigawe vipande viwili, kila kipande upime peke yake halafu ujumlishe. Andika na jengo, ghorofa na namba ya mlango, kwa mfano mko AICC (kile kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha) kuna majengo ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, sasa namba ya chumba bila jina la jengo inamsaidia nani?

Ukimaliza andika dokezo sabili (maelezo mafupi ya ndani ya ofisi) kwa bosi: tunatumia nini sasa, nini kinabadilika, kuanzia tarehe ngapi. Hiyo tarehe ndiyo yenye kazi, usiandike "hivi karibuni". Stoo ikigeuka ofisi nayo itaje, maana matumizi yamebadilika hata kama mita ni zilezile.

Akishaidhinisha, kabla hujatuma barua soma kifungu cha notisi kwenye mkataba. Barua iende kwa mwenye jengo, awe TBA (Wakala wa Majengo Tanzania) au mwingine, nakala makao makuu, kwa mhasibu na kwa anayetunza rejista ya mali. Nakala yako irudi na mhuri wa kupokelewa, iingie kwenye faili siku hiyohiyo. Na jamani msisubiri Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti ya pango inatakiwa iwe na mita mpya tayari.

Siku ya kurudisha funguo msikabidhiane kwa mdomo. Karatasi moja: funguo ngapi, vitasa, taa, AC, uniti zilizobaki kwenye LUKU, wote wawili wasaini, piga na picha.

Ankara inayofuata ikija bado na mita za zamani, usiipitishe, irudishe ikiwa imeambatishwa ile barua yenye mhuri na karatasi ya makabidhiano.