Jinsi ya kuifuata historia ya Globe kwa miguu ukiwa London

Watu wengi wakifika London wanaenda moja kwa moja Globe, lile jumba la maigizo la Shakespeare pale kando ya mto Thames, wanapiga picha wanaondoka, kumbe hiyo ni mpya, imefunguliwa 1997. Ukitaka stori nzima anzia Shoreditch, kaskazini ya mto, ndo mwigizaji James Burbage alijenga jumba lake la maigizo 1576. Baadae mwenye kiwanja akaleta shida kwenye mkataba, Burbage mwenyewe alishafariki, basi Desemba 1598 wanae Cuthbert na Richard na wenzao wakalibomoa, wakavusha mbao ng'ambo ya mto na kwa mbao hizohizo wakajenga Globe 1599. Mi sehemu hii ndo inanigusa kuliko zote, watu wamekataa kabisa kazi yao ife.

Kisha vuka mto uende Park Street, Southwark. Msingi wa ile Globe ya zamani ulipatikana hapo 1989, sehemu kubwa bado iko chini ya majengo ila alama zipo, usipite haraka. Hapo ndo tarehe 29 Juni 1613 mzinga ulipigwa wakati wa onyesho, moto ukashika paa la nyasi, jumba likateketea lote. 1614 wakajenga tena kwa paa la vigae, mpaka 1642 Bunge lilipofunga kumbi zote za maigizo.

Malizia Globe ya sasa, ndoto ya mwigizaji wa Marekani Sam Wanamaker, na ukiweza chukua tiketi ya kusimama mbele ya jukwaa, enzi zile hapo walilipa peni moja.