Taa za nyumbani: soma hii kabla hujaenda Kariakoo

Tatizo letu wengi tukijenga taa tunazikumbuka mwisho kabisa, nyumba ishapigwa plasta, rangi ishapakwa, hela ndo imekata, unaenda Kariakoo unabeba taa za jumla unampa fundi azifunge popote alipoacha waya. Mi nilifanya hivyo hivyo. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, fundi akaniambia "bosi tuweke 16, jipsamu itapendeza", nikaweka 16 za wati 7 zote nyeupe kali. Usiku wa kwanza shangazi kaja, kakaa dakika tano, akaniuliza mwanangu hapa ni sebuleni au duka la dawa. Sasa hivi nawasha 4 tu, zile 12 zipo juu zinakula vumbi.

Kwahiyo anza na karatasi, na uanze kabla fundi hajatindua ukuta. Chora chumba, weka kochi, kitanda, jiko, meza ya kulia, alafu jiulize hapa mtu anafanya nini usiku. Usiulize taa ngapi, uliza macho yanafanya kazi wapi. Mfano mzuri ni jikoni, karibu kila nyumba ninayoingia jiko lina taa moja katikati ya dari, sasa wewe unasimama kaunta imekaa ukutani, taa iko nyuma yako, unakata kitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe na kisu mkononi. Taa ya jikoni ikae juu ya kaunta, au kama una makabati ya juu bandika ile ya mkanda chini ya kabati, upande wa mbele siyo ule wa ukutani, mwanga ushuke pale pale mkono ulipo. Ile ya katikati ibaki ya kawaida tu.

Chumbani weka swichi mbili za tuu wei, yaani taa moja unaiwasha na kuizima kwa yoyote kati ya hizo mbili, moja mlangoni moja kitandani, waya wake ni wa ziada kidogo lakini ukishatindua na kuziba huwezi kuongeza bila kubomoa tena. Sebuleni gawanya taa kwenye swichi mbili au tatu, za pembeni peke yake, za katikati peke yake, ya ukutani karibu na tivii peke yake. Bafuni swichi ikae nje ya mlango, na taa iwe ile iliyofungwa, sio bulbu inaning'inia kwenye holda wazi huku mtu anaoga maji ya moto mvuke unapanda juu. Kioo cha kunyolea taa ziwe ubavuni, ikiwa juu tu kidevu kinabaki giza.

Sasa dukani. Kitu cha kwanza achana na wati, wati ni umeme unaokula, mwanga unaandikwa lumeni. Bulbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, LED ya wati 9 inatoa hizo hizo. Sebule piga hesabu ya lumeni 150 kwa kila mita moja ya mraba, kwahiyo ile ya kwangu ya mita 20 ilikuwa inataka kama 3,000 na mimi nilijaza 9,000 hivi. Kuta nyeupe zinasaidia, ukipaka rangi ya chokoleti ongeza.

Cha pili ni rangi ya mwanga, inaandikwa kwa herufi K. 2700 mpaka 3000 ni ule wa njano wa kutuliza, 4000 ni mweupe wa kawaida, 6500 ni ule mweupe wa kibluu wa ofisini. Sebule na chumbani chukua 3000, jikoni na sehemu mtoto anaposomea 4000 inatosha. Wauzaji wengi wakiona unasita watakupa 6500 kwasababu dukani inaonekana kali kuliko nyingine zote, we simama na box mkononi usome. Na usichanganye kwenye chumba kimoja, ukiwa na tatu za njano na moja nyeupe kila mgeni ataitazama hiyo moja.

Cha tatu ambacho watu hawasomi ni volti. Umeme wa TANESCO ni volti 230, ila mitaa mingi jioni unashuka, taa zinafifia, feni inazunguka kwa huruma. Tafuta bulbu iliyoandikwa 85-265V, hiyo ikishuka haijali, na ukirudi kwa nguvu ina nafasi ya kuvumilia. Angalia pia mdomo wa bulbu, kuna wa kuzungusha E27 na wa pini mbili B22, nyumba nzima chagua aina moja uachane na habari ya kununua bulbu inakataa holda.

Ukinunua taa za kuchimbia kwenye jipsamu pima tundu siyo uso. Taa ina uso wa sentimita 12 lakini tundu lake ni dogo zaidi, limeandikwa kwenye box, fundi akitoboa kwa kufuata uso taa inaingia yote inapotelea darini na wewe unanunua bodi nyingine. Umbali kutoka ukutani uwe nusu ya umbali kati ya taa na taa, hivyo tu, zikiwa mita 1.5 kwa 1.5 basi ukutani acha sentimita 75.

Kufunga. Wayaringi ya nyumba mpya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia nishati, hapo sibishani na mtu. Lakini kubadilisha taa moja kwa nyingine unaweza mwenyewe ukiwa na akili timamu na testa. Zima meinswichi, siyo swichi ya ukutani, meinswichi, na umwambie kila mtu ndani asiiguse kwasababu kuna mtoto atataka kuona katuni. Testa ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme kabla hujazima uone inawaka, testa mbovu itakudanganya kwamba waya umekufa. Nyumba nyingi waya mwekundu ni laivu unaoleta umeme, mweusi ni neutro unaourudisha, kijani ni ethi wa kwenda ardhini, na waya mpya zinakuja kwa brauni na bluu, ila usiamini rangi, pima. Waya wa taa ni milimita 1.5 za mraba, breka yake ampea 6 au 10, mtu akikuwekea breka ya 20 kwenye saketi ya taa muulize anataka kiungue nini kwanza. Kuunga tumia koneka, usisokote waya ukazungushia tepu alafu ukafunika na jipsamu, kwenye joto la dari la Dar ile gundi inayeyuka tepu inajiachia.

Kuna kitu kimoja watu wananiuliza sana, LED inabaki inawaka kwa mbali hata ukizima swichi, mpaka wengine wanasema ni mashetani. Mara nyingi fundi amekata neutro kwenye swichi badala ya laivu. Zima swichi, weka testa kwenye holda, ikiwaka basi ndo hivyo, umeme uko pale juu muda wote na siku ukibadilisha bulbu kwa mkono wenye jasho utaujua. Mwite arekebishe, bure. Kama swichi yako ina kile kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha usiku nayo inaweza kusababisha, hapo siyo hatari ni kero tu.

Twende nje, ndo hela zinakopotea. Huku kwetu usiku ni kama masaa 12 mwaka mzima, jua linazama saa 12 na kitu linarudi saa 12 hivi, kwahiyo taa ya nje haifanyi mchezo. Chukua mfano wa zile floodi, taa kubwa za kumulika mbali, za LED za wati 50, nne kwenye pembe za nyumba, jumla wati 200, mara masaa 12 ni uniti 2.4 kwa usiku mmoja, mwezi ni uniti 72. Kwenye LUKU ya T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, uniti inakuja kama shilingi 356 ukiweka na kodi, hapo ni zaidi ya 25,000 unamulika majani. Na kama uko kwenye ile tarifu ya D1 ya watumiaji wadogo ambayo mwisho ni uniti 75 kwa mwezi, taa za nje peke yake zimekumaliza, friji haijawashwa. Ukiweka za wati 10 badala yake unatumia uniti 14 na kitu, kama shilingi 5,100.

Utaniambia usalama. Nilikuwa na floodi moja ya wati 100 juu ya geti inamwaga mwanga kila upande, mlinzi akawa analalamika macho, kumbe akisimama ndani mwanga unampiga haoni kitu, anayekuja anamuona yeye vizuri kabisa. Jirani naye chumba chake cha kulala kikawa mchana. Nikaishusha, nikaweka ndogo mbili urefu wa mita 2.5, zimeinama chini zinamulika mlango wa geti na njia, mtu akisimama unaona sura yake. Njano pia nje ni bora, masika kumbikumbi wanaruka kwenda kwenye mwanga mweupe, asubuhi unafagia mabawa ndoo nzima, kwenye njano wanakuja wachache.

Taa ya nje isome IP, namba inayoonyesha inazuia maji na vumbi kiasi gani. IP44 inatosha barazani chini ya paa, penye mvua ya moja kwa moja weka IP65. Mimi niliwahi kuchukua taa nzuri ya ndani nikaifunga ukutani nje kwasababu imepungua bei, mvua ya pili imejaa maji kama glasi, breka ikawa inaanguka kila jioni mpaka nikaigundua. Waya uingie kwa chini ya taa siyo juu, acha kabisa kitanzi kidogo kinachoning'inia ili maji yadondoke hapo yasifuate waya mpaka ndani. Wa Kigamboni na Mbweni chumvi ya bahari inakula chuma, chukua plastiki nzito au alumini, na skrubu za stenlesi. Waya wa kwenda getini upite ardhini ndani ya bomba, chimba nusu mita, juu ya bomba panga tofali kabla ya kufukia, siku mtu akichimba shimo la mti jembe ligonge tofali.

Fotoseli ya kuwasha na kuzima yenyewe ni rahisi, ina waya tatu, nyingi nyeusi inapokea laivu, nyeupe ni neutro, nyekundu inakwenda kwenye taa, soma mchoro ubavuni maana wengine wanabadilisha. Usiifunge mahali taa inaipiga, itawaka, itaona mchana, itazima, itaona usiku, itawaka, mtaa mzima watakuja kuuliza mnasherehekea nini.

Sola ninazipenda kwa sababu moja, umeme ukikatika nje hakuwi giza. Ila ile iliyoandikwa wati 200 paneli ina ukubwa wa daftari, hiyo namba ni hadithi, angalia paneli na uzito wa betri. Paneli isikae chini ya mwembe, na kila mwezi ipande uifute vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Mkimaliza kufunga usimlipe fundi mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku, zimeni zote, anza getini tembea mpaka kitandani ukiwasha moja moja kama vile unarudi kazini na mfuko wa nyanya mkononi. Mimi hapo ndo nilijua swichi ya korido ipo nyuma ya mlango.