Somo: Kumchagua Paka Katika Nyumba Yenye Mtu Mwenye Mzio

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya familia ambamo watoto wanamtaka paka, bibi anamtaka kwa sababu ya panya, na mtu mmoja ndani ya nyumba hiyohiyo hupiga chafya, huwashwa macho au hubanwa kifua kila anapokaa karibu na mnyama huyo. Nyumbani kwangu Tanga mtu huyo ni binti yangu wa pili. Paka wetu wa kwanza tulimchukua kwa pupa, kwa kuwa tuliambiwa kwamba mwenye manyoya mafupi hana madhara, na baada ya wiki sita tulilazimika kumrudisha alikozaliwa. Paka alikataa chakula kwa siku kadhaa, wadogo zake binti yangu walilia, na yeye mwenyewe aliendelea kukohoa kwa miezi kadhaa ilhali mnyama hayupo tena.

Kabla ya hatua zenyewe, ni lazima tuelewane juu ya kinacholeta mzio, kwa maana makosa mengi ya uchaguzi huanzia hapo. Si manyoya. Ni protini ambazo mwili wa paka huzitengeneza, na iliyo kuu kati ya hizo wataalamu huiita Fel d 1. Hutoka katika tezi za mafuta za ngozi na katika mate, na kwa kuwa paka hujilamba mchana kutwa, hujipaka protini hiyo mwili mzima. Mate yakikauka, hupeperuka pamoja na mba wa ngozi. Baadhi ya chembe hizo ni ndogo kuliko mikroni 5, kiasi kwamba huelea hewani kwa saa nyingi na huingia ndani kabisa ya mapafu. Hunata pia kwenye mazulia, mapazia, vyandarua na nguo. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga chafya katika chumba ambacho paka alitoka tangu asubuhi.

Hatua ya kwanza: hakikisheni kwamba ni paka kweli.

Katika miji yetu ya pwani yenye unyevunyevu, wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi katika magodoro na mito hustawi sana, na mende nao huleta mzio unaofanana kabisa na ule wa paka. Mtu anaweza kumlaumu mnyama bure, au kumwondolea mnyama lawama anayostahili. Katika hospitali kubwa hufanywa kipimo cha ngozi: matone ya vitu mbalimbali huwekwa kwenye mkono, ngozi huchomwa kidogo sana juu ya kila tone, na baada ya dakika 15 hadi 20 huangaliwa ni wapi pamevimba kama palipoumwa na mbu. Kipo pia kipimo cha damu. Mgonjwa anayetumia vidonge vya mzio amweleze daktari mapema, kwa kuwa dawa hizo huzima majibu ya kipimo cha ngozi na huhitaji kuachwa siku kadhaa kabla.

Hatua ya pili: pimeni uzito wa ugonjwa.

Hapa nitasema bila kuzunguka. Ikiwa mwenye mzio ana pumu, na hasa ikiwa amewahi kulazwa au kukimbizwa hospitali usiku kwa kubanwa pumzi, msilete paka ndani ya nyumba pasipo idhini ya daktari anayemtibu. Mapenzi ya watoto kwa mnyama ni makubwa, nami nayaheshimu, lakini pumzi ya ndugu yao ndiyo ya kwanza. Anayeishia kwenye chafya na macho kuwasha yuko katika hali tofauti, na kwake hatua zinazofuata zina maana.

Hatua ya tatu: mchagueni paka mmoja, si jamii ya paka.

Mtasikia sifa nyingi: kwamba paka wa Siberia hana mzio, kwamba Sphynx hana mzio kwa kuwa hana manyoya. Hakuna jamii ya paka iliyothibitishwa kuwa salama kwa watu wenye mzio. Sphynx ana ngozi na mate kama wenzake. Kilicho kweli ni kwamba paka hutofautiana mmoja mmoja, hata waliozaliwa tumbo moja, na yuleyule mmoja hutoa protini nyingi leo na chache wiki ijayo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: paka huyu niliyemshika, mtu wangu anamstahimili?

Kuna dalili moja ya kutegemea kiasi. Paka dume ambaye hajahasiwa kwa kawaida hutoa Fel d 1 nyingi kuliko jike na kuliko dume aliyehasiwa. Kwa hiyo chagueni jike, au dume ambaye tayari amehasiwa na daktari wa mifugo na zimepita wiki kadhaa. Nawashauri pia mchukue paka mkubwa badala ya mtoto wa paka, ingawa najua watoto wa paka huvuta moyo. Mtoto wa paka mnayemstahimili leo atabalehe baada ya miezi kadhaa, na mwili wake utabadilika, wakati paka mkubwa mnayempima ndiye yuleyule mtakayeishi naye. Tena tabia yake inajulikana: paka mtulivu, anayependa kulala dirishani kuliko mapajani, ni neema kwa mwenye mzio.

Hatua ya nne: mtembeleeni paka kabla ya kumchukua.

Hatua hii watu huiruka, na kwangu mimi ndiyo kiini cha somo lote. Ziara moja ya dakika kumi haitoshi. Sisi, tulipomtafuta paka wa pili, tulikwenda mara nne katika muda wa wiki mbili nyumbani kwa jirani aliyekuwa anahama mji. Ziara ya kwanza binti yangu alikaa barazani tu, paka akipita. Ya pili alimpapasa na kuzuiwa asijiguse uso, kisha akanawa. Ya tatu na ya nne alikaa naye zaidi ya saa nzima sebuleni. Kila mara niliandika daftarini: alianza kupiga chafya baada ya muda gani, macho yalikuwaje, alilalaje usiku ule, na alikohoa asubuhi au la. Usiku ndio unaosahauliwa, kwa maana kifua huweza kubana saa kadhaa baada ya ziara, wakati familia imekwisha kufurahi kwamba mambo ni shwari. Siku hizo asimeze vidonge vya mzio, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo, kwa sababu vidonge vitaficha kile mnachokitafuta. Dawa za pumu haziachwi kamwe kwa ajili ya jaribio.

Kumbukeni pia kwamba nyumba ya mwenye paka ina mambo yake: vumbi, ubani, moshi wa jiko. Kama dalili zinatokea, ombeni kumkuta mnyama uani penye upepo, mlinganishe. Kama kifua kinatoa mlio hata mara moja, acheni. Mtafute paka mwingine baada ya kuzungumza na daktari, au msitafute kabisa.

Hatua ya tano: andaeni nyumba.

Chumba cha mwenye mzio kiwe haramu kwa paka tangu siku ya kwanza, mlango ukifungwa mchana na usiku. Ondoeni mazulia, sakafu ya saruji au vigae inayodekiwa kwa tambara bichi ni bora, kwani ufagio mkavu hurusha chembe hewani. Pangaboi nalo lipanguswe mabawa yake, la sivyo litamwaga juu ya kitanda kila lilichokusanya. Foronya, shuka na chandarua vifuliwe kila wiki. Kumbrashi paka na kubadilisha mchanga wake ni kazi ya mtu mwingine, na brashi itumiwe nje.

Kumwogesha paka hupunguza protini kwa siku chache tu kisha hurudi, kwa hiyo ingebidi kumwogesha karibu mara mbili kwa wiki. Kwa wengi hilo ni mateso kwa mnyama na kwa mwogeshaji, nami silipendekezi.

Mwisho, wekeni makubaliano na anayewapa paka kwamba mwezi wa kwanza au miwili ni ya majaribio, na kwamba yuko tayari kumpokea tena.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mombasa: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu kuna paka wa Sokoke, ambao manyoya yao ni mafupi na hayana tabaka la ndani. Je, hawatatufaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Paka hao, ambao Wagiriama huwaita kadzonzo, wana asili katika eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke, na madoa yao yanayofanana na gome la mti ni fahari ya pwani yetu. Hata hivyo tezi na mate wanazo kama paka wote. Manyoya mafupi huenda yakapunguza kazi ya kufagia, lakini hayapunguzi kinachotengenezwa na ngozi. Mpimeni yule mmoja, kama nilivyoeleza.

Swali, kutoka Zanzibar: Tulimpeleka paka wetu kwa shangazi kwa wiki moja na mwanangu hakupata nafuu. Si ndiyo kusema kwamba paka hana kosa?

Jibu: Hapana, dada yangu. Protini ya paka hubaki katika nyumba kwa miezi. Imeonekana kwamba huweza kuchukua wiki 20 au zaidi kushuka hadi kiwango cha nyumba isiyo na paka, msipoondoa mazulia na kufua kila kitu. Wiki moja haithibitishi lolote. Mpelekeni mtoto apimwe.

Swali, kutoka Maskati: Sisi huishi madirisha yamefungwa na kiyoyozi kikiwaka mwaka mzima. Tufanyeje, na je, kuna chakula kinachopunguza mzio?

Jibu: Ndugu yangu, nyumba iliyofungwa ni ngumu zaidi, kwa kuwa hewa ileile huzunguka. Wekeni kisafisha hewa chenye chujio la HEPA, yaani lile linalonasa chembe ndogo sana, katika chumba cha kulala, safisheni machujio ya kiyoyozi mara kwa mara, na asubuhi za majira ya baridi fungueni madirisha. Chakula kipo, cha kampuni ya Purina, chenye kiambato kutoka kwenye mayai kinachoizima Fel d 1 mdomoni mwa paka. Katika utafiti wa kampuni hiyo, protini yenye nguvu kwenye manyoya ilipungua kwa wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya tatu. Ni msaada kwa mwenye dalili nyepesi, lakini nusu iliyobaki bado inatosha kumsumbua mwenye mzio mkali.

Swali, kutoka Nairobi: Mume wangu anasema atameza kidonge kila siku, tumchukue tu paka. Niseme nini?

Jibu: Mshukuru kwa upendo wake, kisha mwende kwa daktari pamoja. Vidonge hutuliza chafya na kuwashwa, ila si kinga ya kifua. Ipo tiba ya kuuzoesha mwili kidogokidogo kwa sindano, ambayo huchukua miaka 3 hadi 5 na hufanywa chini ya uangalizi wa daktari. Wengine huzoea paka wao bila tiba, wengine huzidi kuumwa, na hakuna awezaye kujua mapema yeye yumo katika kundi lipi.

Swali, kutoka Muheza: Mimi shida yangu ni panya stoo. Paka akiishi uani tu, asiingie ndani, si tumemaliza?

Jibu: Itapunguza sana, mzee wangu, lakini wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, na watoto watamwingiza mvua ikinyesha. Mjengee kibanda kikavu stoo, mlishe hukohuko, mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, na kila aliyemshika anawe mikono na abadilishe shati kabla ya kumkaribia mgonjwa, kwa kuwa chembe husafiri hata kwenye kanzu na kanga.