Kusoma makaburi ya Tongoni na kusikiliza habari za mizimu yake

Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kuna makaburi zaidi ya 40 kando ya magofu ya msikiti wa kale. Mengi yalikuwa na nguzo, nyingi zimeanguka.

Anza kwa mlinzi wa magofu, kisha mwombe akupeleke kwa wazee wa kijiji. Vaa viatu vilivyofunika mguu, maana majani marefu huficha nyoka.

Fika alfajiri. Jua likiwa chini, mwanga wa ubavuni huibua nakshi ambazo saa sita hazionekani kabisa. Kukiwa na mawingu, shika tochi pembeni, karibu sawa na ukuta, umulike polepole. Usipake chaki wala kusugua kwa brashi: lipu ya chokaa hubanduka pamoja na maandishi. Usiegemee nguzo, wala using'oe mizizi iliyopenya ukutani. Mara nyingi ndiyo inayoshikilia mawe. Tafuta vishimo vya duara: humo zilipachikwa bakuli za kauri. Kigae ukikiona chini, kiache palepale.

Ukipata mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Kaburi la Gede, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 wa Hijria, hutoa takriban 1400 (mwaka huo ulianza 1399).

Kuhusu mizimu na majini, uliza, "Watu husemaje hapa?" Ukiuliza, "Kuna jini?" utajibiwa ndiyo kwa adabu tu. Andika maneno ya msimuliaji yalivyo, na kama aliona au alisikia. Ubani na vitambaa usiviguse. Ni nadhiri za watu.